Kuficha na Kufichua Mistari ya Lahajedwali

Makala hii fupi yakusudia kueleza tendo dogo wanalolifanya kila siku makarani wanaotumia kompyuta, yaani kuficha mistari ya lahajedwali na kuifichua tena. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo hili likiletwa mbele ya wanafunzi wa lugha. Sababu ni kwamba kosa litokanalo na tendo hilo aghalabu huanzia katika neno: mtu husema kwamba mstari "umeondolewa", ilhali uko palepale.

Tutazame kwanza vitenzi. Kauli ya kutendua hugeuza maana ya shina: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, na ficha huzaa fichua. Msemaji wa Kigikuyu aliyezaliwa Wamagana, katika eneo la Tetu, kaunti ya Nyeri, hahitaji kufundishwa kanuni hii, maana lugha yake inayo: hinga ni kufunga mlango na hingũra ni kuufungua, oha ni kufunga kwa kamba na ohora ni kufungua. Kinachotenduliwa hapo ni hali tu. Mlango wenyewe haukupata kutoweka. Ndivyo ulivyo mstari uliofichwa. Kitenzi futa, kwa upande wake, hakipati kinyume chake kwa mnyambuliko huu.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, ufaao eneo hilo la kahawa na majani chai. Karani wa chama cha ushirika ameorodhesha wanachama watano katika mistari ya 2 hadi 6, pamoja na kilo za kahawa walizoleta: 120, 85, 140, 60 na 95. Katika mstari wa 7 ameweka fomula ya SUM, nayo yatoa jumla ya 500. Kisha anachagua mistari ya 4 na 5, anabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, na kutoa amri ya kuficha. Wanabaki kuonekana watatu, ambao kilo zao ni 300. Lakini jumla yasema 500 vilevile, kwa kuwa SUM huhesabu kilichomo, si kinachoonekana. Akitaka jumla ya vinavyoonekana tu, programu ya Excel inayo fomula ya SUBTOTAL yenye nambari 109, itakayotoa 300. Ile yenye nambari 9 bado itaihesabu mistari iliyofichwa kwa amri hiyo.

Kwenye kioo cha kompyuta dalili haikosekani: nambari za pembeni zaruka kutoka 3 hadi 6. Anayetaka kufichua huchagua mistari ya 3 hadi 6 kwa pamoja, kisha hutoa amri ya kufichua.

Lakini orodha ikichapishwa na kubandikwa ukutani, nambari hizo za pembeni kwa kawaida hazichapishwi. Hapo ndipo penye uzito. Mkulima wa mstari wa 4 hatalikuta jina lake, naye ataamini kwamba kilo zake 140 hazikuandikwa. Mwenzake atakayejumlisha kwa kalamu atapata 300, na kudhani kilo 200 zimeliwa na wakubwa. Huenda karani alificha mistari ili orodha itoshe karatasi moja tu. Hata hivyo, imani ikivunjika hairudishwi kwa amri ya kompyuta. Dawa ni nyepesi: kila mwanachama apewe nambari yake katika safu wima ya orodha yenyewe. Zikisomeka 1, 2 na 5, pengo litajisema lenyewe.

Kosa la pili ni kinyume cha lile la kwanza. Wako wanaoficha mistari yenye nambari za vitambulisho, kisha wakatuma faili wakidhani wameilinda siri. Aliyeipokea huifichua mara moja. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, mwenye kuhifadhi habari za watu ana wajibu wa kuzilinda, na kuficha mistari si ulinzi.

Wengine wangependelea "onyesha", wakisema kwamba fichua lanuka aibu na siri. Sisi twaona lafaa zaidi, kwa kuwa lamkumbusha msikilizaji kwamba palikuwa na kuficha. Mkulima akiwa na neno hilo, aweza kusimama dirishani na kuuliza bila kumtuhumu mtu: "Karani, kuna mistari uliyoificha? Hebu ifichue tuone."