Shamba Lako Litakuwa la Nani?

Ndugu mkulima ukaaye Kaloleni, Bahati au Jericho, na shamba lako liko nyumbani kwenu, je, ukifa utazikwa wapi?

Wakili S. M. Otieno alikufa Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo ukataka Nyalgunga, Siaya. Walishtakiana mpaka Mei 1987, maiti ikingoja, na ukoo ukashinda. Naye alikuwa wakili!

Basi habari ya kaburi, itamke mbele ya mkeo na wazee wa ukoo pamoja. Habari ya shamba, iandike: tia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu, nao watie zao. Wosia wa mdomo kwa kawaida hauna nguvu ukiishi zaidi ya miezi mitatu. Tena mwonyeshe mkeo mahali ulipoweka hati ya shamba. Wengi huificha mno.