Akili mnemba yapata sita kwa kumi

Ubaoni palikuwa na jibu la aya mbili, limeandikwa kwa chaki nyeupe na mwandiko uliotulia. Juu yake chaki nyekundu ilikuwa imepita: sentensi zimepigiwa mstari, nyingine zimekatwa kabisa, pembeni alama za kuuliza. Chini, ndani ya duara, 6/10. Nilikuwa nimefika katika shule hiyo ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, kufuatilia habari ya madawati. Nikamuuliza mwalimu wa darasa la sita ni nani aliyepata sita. Akaniinulia simu yake.

“Huyu,” akasema. “Na wanangu wamemhurumia. Wapo waliotaka apate sifuri.”

Alikuwa ameiuliza programu ya akili mnemba swali la kawaida kabisa: eleza misimu ya mvua Dodoma na kilimo chake. Ikajibu papo hapo, kwa Kiswahili kizuri, kwamba mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na kwamba wakulima hutumia misimu yote miwili kupanda mahindi. Mtu wa Tanga au Moshi akilisoma jibu hilo ataitikia kwa kichwa. Dodoma ni habari nyingine. Huku msimu ni mmoja, unaanza Novemba ikielekea mwisho au Desemba na kuishia Aprili, na katikati yake mvua inaweza kukatika hata wiki kadhaa mahindi yakanyauka yakiwa yamefika kiunoni. Ndiyo maana wazee wa huku wameshikilia uwele na mtama.

Mwalimu aliliona kosa usiku uleule. Angeweza kulifuta. Badala yake aliamka nalo, akalinakili ubaoni neno kwa neno, akawaambia watoto limetoka wapi, kisha akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize babu, bibi au jirani mkulima anapanda lini, anapanda nini na anavuna lini.

Kesho yake, anasimulia, hakuna aliyechelewa. Karibu wote walirudi na jibu moja, kwamba kuna mvua na kuna kiangazi, basi. Mmoja alieleza jinsi bibi yake anavyoberega: anafyeka, halafu anafukia mbegu kwenye udongo mkavu bila kulima, mvua ya kwanza ikute mbegu iko chini tayari. Simu haikuwa na hilo. Mwalimu akampa chaki nyekundu aliandike mwenyewe pembeni mwa jibu.

Ubishi mkubwa ukawa kwenye alama. Aliyetaka sifuri alisema programu imewadanganya. Mwenzake akasema hapana, imetaja vuli na masika, na hivyo vipo Tanzania, ila imekosea mahali. Msichana wa dawati la nyuma akauliza swali ambalo mwalimu anasema lilimkosesha usingizi: kama haikujua, kwa nini haikusema haijui?

“Nikawaeleza kadiri ninavyoelewa,” anasema. “Inasoma maandishi mengi mno, halafu inakisia neno gani lifuate neno gani. Waliowahi kuandika sana ndio inaowafuata. Sasa bibi wa hapa ameandika wapi?”

Simu ni moja, ya kwake, na bando analinunua kwa mshahara wake. Kishikwambi alichonacho ni kati ya vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu watu; anakitumia jioni kutunga maswali ya mazoezi na kupata rasimu ya andalio la somo, ambayo anasema lazima aichanechane kwanza, maana inamdhania ana projekta. Watoto hawagusi chombo chochote. Nami naona ni sawa. Mwongozo wa UNESCO wa 2023 ulipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa mtoto kuzungumza mwenyewe na programu hizi, na hawa wengi hawajafika huko. Chaki imewafikishia somo bila kuwakabidhi simu.

Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilifanya jaribio la wiki sita Benin City, Nigeria, ambako wanafunzi wa sekondari walibaki baada ya masomo kujifunza Kiingereza kwa msaada wa akili mnemba, na matokeo yao yakawapita wenzao ambao hawakushiriki. Habari hiyo imesambazwa sana. Kinachosemwa kwa haraka ni kwamba walimu walikuwa chumbani muda wote, wakielekeza maswali na kufuatilia majibu. Kwangu hapo ndipo penye uzito, na ndiyo sababu nimemwandika mwalimu huyu na si programu yake.

Yeye mwenyewe hajaridhika. Nilipomsifu alinikatiza.

“Hili la mvua nimeliona kwa sababu nimezaliwa hapa, mama yangu analima. Ikinipa jibu la mzunguko wa damu lenye kosa dogo, nitaliona? Nisipoliona, nimelipa lile kosa mwandiko wangu na chaki yangu, na mtoto ananiamini mimi kuliko simu.”

Sikuwa na la kumjibu. Wala sijui mtihani wa darasa la saba utampa nini yule msichana wa dawati la nyuma kwa swali lake, au mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati atapata wapi siku mbili za kulichambua jibu moja.

Kwa Hisabati, aliniambia, hukokotoa kila swali mwenyewe kabla ya kuliandika. Kwa Sayansi ameanza kumwomba muuguzi wa zahanati ya kijiji ayapitie majibu. Kwa Historia bado hajapata mtu.