Embe Tufaha na Haraka ya Msimu

Mtu wa pwani akihamia Kisumu hukosa vitu viwili: upepo wa kaskazi na embe la kwao. Hilo la pili, alhamdulillahi, lina dawa.

Lipo embe ambalo soko la Kibuye hulijua kwa jina la "apple", nami hapa nitaliita embe tufaha. Tufaha lenyewe la nchi za baridi halistawi ufuoni mwa Ziwa Victoria, kwani mti wake hutaka miezi ya baridi kali upumzike bila majani ndipo uchanue. Embe hili yasemekana asili yake ni huko kwenu, upande wa Malindi, na jina limetokana na umbo: ni la mviringo, ngozi ya manjano iendayo kwenye rangi ya chungwa, na wekundu begani. Nyama yake ni laini, ina maji tele, wala haina nyuzi. Ngowe wa Lamu, mwenye ncha kama mdomo wa ndege, namheshimu kwa sharubati. Lakini baada ya chakula natanguliza tufaha. Mke wangu hakubaliani nami.

Kasoro yake ni maua. Ukungu mweupe kama unga huyashambulia, na mti uliochanua kama bibi harusi ukabaki mtupu.

Agosti iliyopita mama mmoja mjane alinijia baada ya darsa. Ana miembe mitatu ya aina hii nyuma ya nyumba.

"Sheikh, dalali ataka kuyanunua maembe yote sasa hivi, na miti ingali maua. Nahitaji karo."

Nikamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mtini kabla hayajadhihirika kufaa kwake, akawakataza muuzaji na mnunuzi pia, kwani tunda likiharibika, mali ya mwenzio utaihalalishaje?

"Na karo, sheikh?"

Ikawa zamu yangu kunyamaza. Kutoa hukumu ni kazi nyepesi kwa asiyedaiwa. Kesho yake tulifuatana hadi shuleni, tukaomba muda, tukapewa.

Mti mmoja ulipigwa na ukungu, haukuzaa kitu. Miwili ikazaa. Desemba dalali akarudi, akitaka yachumwe mabichi apate bei ya mapema, kisha ayaivishe kwa kabaidi. Mama alikuwa amekwisha kujifunza kuyatazama: embe lililokomaa mabega yake huinuka kupita kikonyo, na ukilipasua moja la kujaribia, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza umanjano. Akangoja hadi Januari, akayavundika mwenyewe kapuni pamoja na ndizi mbivu, akayauza kidogo kidogo. Karo ililipwa, ijapokuwa si yote kwa mara moja.

Alituletea kikapu. Wanangu wakataka kupanda kokwa, nikawazuia. Niliwahi kupanda moja, nikaimwagilia miaka saba, likatoka embe la nyuzi, chachu. Kokwa la tufaha halina ahadi ya kuzaa tufaha. Hukatwa kijiti cha mti mama, kikaunganishwa na mche wa embe la kienyeji wenye unene wa kalamu, na mti huo huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Miche minne ninayo tayari uani, na mama ametuahidi vijiti masika yakianza.