Kasongo na Kabambare: Polisi akishitakiwa, nani achunguze, na wapi?

Mtu akipigwa kwenye kachot ya polisi, au akifungwa siku nyingi bila kufikishwa mbele ya parke, jamaa yake hujiuliza swali moja: tupeleke mashitaka wapi, na yule atakayeyapokea si mwenzake na aliyemtesa? Katika teritware za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, swali hilo ni zito. Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 200 za barabara mbaya. Anayetoka Kabambare ana safari ndefu zaidi.

Ndiyo maana mara nyingi tunasikia familia au avoka wakiomba dosie ihamishwe: itoke kwa mchunguzi huyu iende kwa mwingine, au itoke mji huu iende mji mwingine. Ombi la namna hiyo ni haki ya raia. Lakini lina masharti, na linaweza kumsaidia aliyeteswa au kumuumiza.

Polisi anahukumiwa na jeshi

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: katika inchi yetu, polisi hahukumiwi na tribinali ya kiraia kwa makosa yake. Kifungu cha 156 cha Katiba kinasema makosa ya wanajeshi na ya polisi wa taifa yanasikilizwa na korti za kijeshi. Anayechunguza ni oditora ya kijeshi, si parke. Kwa hiyo mtu akipeleka mashitaka yake kwenye parke, atatumwa upande wa jeshi. Huko si kuhamishwa kwa dosie kwa sababu ya mashaka. Ni sheria tu.

Jambo la pili ni cheo. Kodi ya sheria za kijeshi ya mwaka 2002 inapanga majaji kufuatana na cheo cha mshitakiwa. Polisi mdogo anaenda mbele ya tribinali ya garnizoni, kama ile ya Kindu. Kuanzia meja hadi kolonele, ni korti ya kijeshi. Jenerali anahukumiwa na Korti Kuu ya Kijeshi peke yake, kule Kinshasa. Hivyo jina moja la mkubwa likiingia katika dosie, dosie yote inaweza kupanda ngazi.

Korti inapima nini?

Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mpangilio wa korti inataja sababu mbili kubwa za kuhamisha kesi. Ya kwanza ni usalama wa watu: pale ambapo kusikiliza kesi mahali fulani kunaweza kuleta fujo au kumwaga damu. Hiyo huombwa na upande wa mwendesha mashitaka. Ya pili ni mashaka yenye msingi: pale ambapo kuna sababu ya kweli ya kuogopa kwamba majaji hawatakuwa huru. Hiyo hata mwenye kesi anaweza kuiomba.

Anayeamua si yule anayeshukiwa, bali korti iliyo juu yake. Ikikubali, kesi inapelekwa kwa tribinali nyingine ya ngazi ile ile. Sheria hiyo inahusu korti za kiraia, lakini mawazo hayo mawili ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapoomba dosie ya polisi iondolewe mahali. Kama uchunguzi ungali mikononi mwa oditora na haujafika mbele ya majaji, malalamiko yanaandikwa kwa mkubwa wa huyo oditora.

Kusema tu «hatuwaamini» hakutoshi. Majaji wanataka matendo: tarehe, vitisho vilivyotolewa, ushahidi uliopotea, konvokasio isiyojibiwa, undugu kati ya mchunguzi na mshitakiwa.

Somo la Chebeya

Kesi inayoonyesha uzito wa jambo hili ni ile ya Floribert Chebeya, mzaliwa wa Bukavu na kiongozi wa shirika la Voix des Sans-Voix. Tarehe 1 Juni 2010 aliitwa kwenye makao ya mkaguzi mkuu wa polisi, Jenerali John Numbi, jijini Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena, na maiti yake haijapatikana hadi leo.

Mwezi Juni 2011, korti ya kijeshi ilimhukumu kifo Kolonele Daniel Mukalay pamoja na wengine watatu waliokuwa wamekimbia. Numbi alisikilizwa tu kama mtu wa kutoa habari, ijapokuwa familia zilidai ashitakiwe. Mwaka 2015, Korti Kuu ya Kijeshi ilipunguza adhabu ya Mukalay kuwa miaka 15 na kuwaachia wenzake waliokuwa mbele yake.

Familia zilitafuta mlango mwingine. Mwezi Juni 2014 zilipeleka mashitaka Dakar, Senegal, ambako alikuwako Meja Paul Mwilambwe, mmoja wa waliohukumiwa bila kuwapo. Sheria ya Senegal inaruhusu kumfuatilia mtu kwa utesaji uliofanyika inchi nyingine, akiwa yuko pale. Mwaka 2015 jaji wa Dakar alifungua uchunguzi juu yake. Kesi ilirudi Kinshasa mwaka 2021 baada ya kukamatwa kwa washitakiwa wengine. Tarehe 11 Mei 2022, Christian Ngoy Kenga Kenga alihukumiwa kifo, Jacques Mugabo miaka 12, na Mwilambwe aliyefunua mengi akaachiwa. Numbi alikuwa amekwisha kutoroka inchi.

Ilichukua karibu miaka kumi na miwili. Lakini bila familia kukataa kunyamaza, dosie ingefungwa mwaka 2015.

Korti iwafuate watu

Kuna njia nyingine. Kule Kavumu, Kivu Kusini, uchunguzi juu ya kubakwa kwa watoto wadogo wa kike wapatao 40 ulikwama kwenye parke, dosie moja moja. Mwaka 2016 ulichukuliwa na oditora ya kijeshi na kuunganishwa. Lakini majaji hawakuwaita wazazi mbali: korti ilikuja kukaa Kavumu kwenyewe, na mashahidi walisema wakiwa wamefichwa nyuma ya pazia. Mwezi Desemba 2017, mbunge wa jimbo Frederic Batumike na wanamgambo wake walihukumiwa kifungo cha maisha.

Karibu zaidi na sisi, Fizi, jirani wa Kabambare, ilishuhudia kitu hicho mwaka 2011. Wanawake walibakwa na wanajeshi siku ya mwaka mpya. Korti ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka, na tarehe 21 Februari Luteni Kolonele Kibibi Mutware akapewa miaka 20. Haikufika miezi miwili.

Hapo ndipo penye somo kwa Kasongo na Kabambare. Kupeleka dosie Kindu kunaweza kumwondoa mchunguzi anayeogopwa. Lakini kama mashahidi hawana nauli, kesi itakufa njiani na polisi atarudi kazini. Anayeomba dosie ihamishwe aombe pia, katika barua ile ile, majaji waje kusikiliza karibu na watu, na mashahidi walindwe.

Na kabla ya yote, ushahidi uwekwe mapema: karatasi ya daktari, majina ya walioona, siku na saa ya kukamatwa. Katiba inasema polisi hawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha kwa mkubwa wa sheria. Saa hizo zihesabiwe na ziandikwe. Dosie yenye karatasi nzuri itasimama mbele ya jaji yeyote, hata ikihamishwa mara ngapi.