Sauti katika Gari la Matangazo

Bila shaka umepata kuliona gari la matangazo likipita Mchukwi, katika barabara iendayo Lindi. Mwezi wa Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, ukafunika mashamba na nyumba nyingi wilayani Rufiji na Kibiti. Wakati kama huo, mtu asiyelisikia vizuri neno "hameni" yumo hatarini.

Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme hafifu. Kikuza sauti huutia nguvu itokayo katika betri ya volti 12, kisha spika huugeuza kuwa sauti tena. Lakini nguvu hiyo ina kikomo. Ikizidishwa, vilele vya mawimbi hukatwa. Sauti hukwaruza, maneno hayatambulikani, na waya ulioviringwa ndani ya spika hupata joto hata ukaungua. Wengi hudhani kelele kubwa ndiyo sauti nzuri. Sivyo.

Fundi huwasha injini kwanza, kwa kuwa betri peke yake hupungukiwa nguvu. Hushusha kikuza sauti hadi mwisho. Mwenzake husema kwa sauti ya kawaida ya tangazo, naye huongeza polepole. Mkwaruzo wa kwanza usikikapo, hurudisha nyuma kidogo, akaacha hapo.