Kodi ya Kaboni na Uchukuzi wa Mizigo Pasipo na Reli: Hali ya Kuluva, Nile Magharibi

Kodi ya kaboni hujengwa juu ya dhana kwamba msafirishaji ana la kuchagua: dizeli ikipanda bei, atahamishia shehena kwenye reli. Huko Kuluva, karibu na mji wa Arua, dhana hiyo haina pa kusimama. Reli iliyofika Pakwach mwaka 1964 haikuendelezwa hadi Arua. Saruji, sabuni na chumvi ya Arua na Koboko huletwa kwa lori. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, malori yalizungushwa kwa barabara ndefu zaidi.

Uganda haitozi kodi yenye jina hilo, lakini ushuru wa mafuta hufanya kazi inayokaribiana nayo. Mwaka 2021 ule wa dizeli ulipanda kwa shilingi 100 kwa lita. (Jina si jambo dogo: kodi iliyotajwa kusudi lake humpa mlipaji haki ya kuuliza ilikokwenda.) Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Kila tani ya hewa hiyo ikitozwa dola 25, lita huongezeka karibu senti 7 za dola. Mwenye lori atapunguza safari za kurudi tupu, na zaidi ya hapo hana la kufanya. Gharama iliyobaki humwangukia mnunuzi, na kaya maskini huisikia zaidi kwa kuwa sehemu kubwa ya kipato chake huishia dukani.

Kwa hiyo uzito wa sera uko kwenye matumizi ya mapato. Yakitengwa kwa ukarabati wa reli ya Tororo hadi Pakwach, lori litabakiwa na kipande cha kutoka Pakwach tu.