Kuchagua Matairi Mapya ya Tela

Tela linalobeba alizeti mkoani Singida hufanya kazi msimu wa mavuno, kisha huegeshwa juani kwa miezi mingi. Kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla kashata hazijalika. Mpira hukauka na kufanya nyufa, ilhali kwa macho tairi laonekana zima. Likipasuka katika mteremko wa Sekenke, tela likiwa limejaa, maisha ya watu huwa hatarini.

Kabla ya kulipa, tunakushauri usome maandishi ya ubavuni mwa tairi.

Kwanza, umri. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu 0824 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mingi si jipya, hata kama halijawahi kutumika.

Pili, uwezo wa kubeba. Namba 121 baada ya vipimo vya ukubwa huonyesha kilo 1,450 kwa tairi moja. Tela la matairi mawili ya aina hiyo lisizidi kilo 2,900, uzito wa tela lenyewe ukiwemo.

Tatu, ulinganifu. Matairi ya ekseli moja yawe ya ukubwa na aina moja.

Mwisho, dai risiti inayotaja aina na idadi ya matairi. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha malalamiko yako.